Kwa Nini Tunaitana Mwezi wa Nane

Katika kikao cha maandalizi ya harambee ya mwaka huu, kijana wetu mmoja anayeishi Dar es Salaam aliuliza kwa nini wana Masasi na Newala tunaitana nyumbani mwezi wa nane, si Desemba wakati kila mtu ana likizo. Mzee mmoja akamjibu kwa neno moja: "Bartholomayo." Kijana, ambaye ni Mwislamu, akacheka, na kikao kizima kikacheka naye. Jibu lile lilikuwa sahihi, ila lilikuwa fupi mno.

Kanisa kuu la Kianglikana pale Mtandi, chini ya mlima, limewekwa chini ya Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartholomayo, na sikukuu ya Bartholomayo ni tarehe 24 Agosti. Walioanzisha misheni ile hawakuwa wenyeji. Oktoba 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar akapitia Lindi pamoja na watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wameokolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri, maji yapo, wakasema hapa panatutosha. Steere akakubali, akarudi Zanzibar, akamwacha William Percival Johnson awe nao. Hivyo kijiji chetu cha kwanza cha Kikristo kilijengwa na watu wasiokuwa na kaburi hata moja la babu katika ardhi ile. Mtu wa namna hiyo anahitaji siku ya kukusanyika kuliko mtu mwingine yeyote.

Na hawakuachwa wakae kwa raha. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, walivamia, wakaua na kuchukua mateka. Chauncy Maples akapanda Newala na sehemu ya watu waliobaki, wakapokelewa na Matola, chifu wa Wayao. Hapo ndipo Masasi na Newala ziliposhikana kwa undani, na anayetushangaa kuwa na chama kimoja kwa wilaya mbili aanzie hapo. Baadaye Padri Cecil Majaliwa, aliyepata upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile, alifanya kazi Chitangali. Yeye mwenyewe alipata kuwa mtumwa utotoni. Kisha ikaja Vita vya Maji Maji, na Agosti 1905, mwezi ule ule wa sikukuu, misheni ya Masasi ikachomwa moto. Ikajengwa tena.

Lakini historia ya kanisa peke yake haielezi umati. Mwezi wa nane mavuno yameingia ghalani, mbaazi zinaiva, barabara ni kavu, na mikorosho inatoa maua huku watu wakimalizia kupuliza salfa. Ndio msimu wa jando tangu zamani, kabla ya misheni yoyote. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926, alilielewa hilo. Badala ya kupiga marufuku jando na unyago, alitaka viingie kanisani: wavulana wakae kambini kama walivyokaa baba zao, na sala ziwepo mahali pa sadaka ya mizimu. Wapo waliomlaumu, wamisionari wenzake na wazee wa jadi pia, na hata leo nyumbani kwetu ubishi huo haujaisha. Sisi tunaona alisoma kalenda yetu vizuri.

Tuliokuwa watoto tunakumbuka zaidi njia. Watu wa Newala waliteremka kwa miguu kutoka uwandani, mikeka na unga vichwani, wakilala njiani. Juu kule maji yalikuwa shida, akina mama wakishuka mabondeni kuyafuata, kwa hiyo kwa mgeni wa Newala kuoga Masasi kulikuwa nusu ya sikukuu. Asubuhi ilikuwa misa na maandamano. Mchana ilikuwa ugali wa muhogo, mbaazi na togwa, na jioni ngoma. Nyumba za Waislamu zililaza wageni kama za Wakristo, maana shangazi ni shangazi. Ndiyo sababu yule kijana wetu, hata akicheka, bibi yake alipika siku ile.

Siku hizi wengi hufika kwa gari asubuhi na kuondoka kabla jua halijatua. Tukiwauliza, hawasemi kwamba imani imepungua. Wanasema hakuna pa kulala wala choo. Madarasa yanayolaza wageni yana vyoo vichache na maji ya kununua kwa madumu. Anayekuja na mama mzee hawezi kukaa hadi kesho yake, na asipokaa hasikii mazungumzo ya usiku, ambamo ndimo watoto hujulishwa nani ni mjomba wao.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu tunauomba kwa ajili ya tenki la maji ya mvua na vyoo katika shule zinazopokea wageni. Wanafunzi watavitumia mwaka mzima. Pendekezo la kuhamishia mkutano wetu Desemba litapigiwa kura siku ya harambee. Kamati inapinga. Desemba mvua imeanza, watu wako mashambani, na mtakayemkuta nyumbani ni mlinzi wa kuku.