Bafe hana njuga: mjue kabla hujamkanyaga

Kila mvua zikianza, watu hunitumia kwenye simu video za Wamarekani wakifundisha namna ya kujihadhari na nyoka wa njuga. Nyoka yule ana pete ngumu mkiani, za kitu kile kile kinachofanya kucha zetu, na akiudhika huutikisa mkia ukasikia mlio kama wa kayamba. Ni elimu nzuri kwa mtu aliye Arizona au Texas, kwa kuwa nyoka hao wanapatikana mabara ya Amerika tu, kuanzia Canada hadi Argentina. Huku kwetu Pwani jamaa yao wa ukoo mmoja ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma. Yeye hana njuga. Ukingoja mlio, utamkanyaga.

Nasema hivi kwa sababu ya mpwa wangu. Alikuwa na miaka 13, anatoka kisimani magharibi imeingia, malapa miguuni na mtungi wa lita 20 kichwani. Alifika nyumbani akachechemea, akaniambia, "Mjomba, nimechomwa na mwiba." Tukautafuta huo mwiba kwa taa ya simu, tukaona matundu mawili juu ya kifundo. Hakuwa amesikia chochote. Kaka yake alirudi njiani na tochi akamkuta bafe bado yupo, amelala kando ya njia kama kipande cha kuni kilichodondoka.

Hiyo ndiyo silaha yake ya kwanza, kutulia. Koboko akisikia kishindo cha mguu mara nyingi hutoroka, lakini bafe hubaki alipo akitegemea rangi yake. Hata harufu yake ni shida kuipata: mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba mbwa waliofunzwa kunusa walishindwa kumtambua bafe, ilhali nyoka wengine waliwatambua. Kwa hivyo usijipe moyo kwamba mbwa wako atakutangulia. Wakati mwingine bafe hujijaza hewa na kufoka kwa nguvu, na ukisikia hivyo simama, tazama alipo, kisha rudi nyuma polepole. Ila ni wangapi wameumwa bila kusikia mfoko wowote?

Sasa, utamjuaje? Tazama unene kwanza. Bafe wengi wana urefu wa kama mita moja, wengine huzidi, lakini mwili ni mnene kuliko unavyotarajia, kisha ghafla unaishia kwa mkia mfupi. Kichwa ni kipana na bapa, shingo nyembamba. Mgongoni ana alama nyeusi zenye umbo la V, zimepangana moja nyuma ya nyingine, ncha zikielekea mkiani, juu ya rangi ya kahawia, kijivu au manjano iliyofifia. Kwenye majani makavu ya mkorosho alama hizo humficha kabisa.

Kwenye mchanga kuna dalili nyingine ninayoipenda, maana unaiona asubuhi yeye akiwa keshaenda. Nyoka wengi huacha alama ya kupindapinda. Bafe asiye na haraka hutambaa moja kwa moja kama kiwavi, akaacha mfuo ulionyooka, kana kwamba mtu ameburuta kamba nene. Ukiuona mfuo huo karibu na banda la kuku au rundo la makuti, usitie mkono mle.

Wapo wanaouawa bure kwa kufananishwa naye. Yuko nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya chungwa na madoa ya kahawia, anayejizika mchangani. Kichwa chake hakina shingo ya kukitenga na mwili, na mgongoni hana zile V. Huyo hana sumu. Chatu mchanga naye ana mabaka, lakini ni mrefu na laini zaidi. Hata hivyo, ukiwa na shaka mwache alivyo. Si lazima umjue kwa jina ndipo umpishe. Kwa majirani wa Watamu, wataalamu wa Bio-Ken, kituo kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, wamezoea kuitwa kuja kuondoa nyoka majumbani. Ni afadhali kuliko kumfuata na panga, maana bafe huruka kuuma kabla hujateremsha mkono.

Turudi kwa mpwa wangu. Kamba iliyofungwa chini ya goti lake niliifunga mimi, na niliikaza kwa nguvu zangu zote. Jirani akaja na wembe na jiwe jeusi, akachanja. Sumu ya bafe huharibu nyama pale pale ilipoingia. Ukiifungia mahali pamoja kwa kamba, unaiongezea kazi. Zahanati ya kwanza hawakuwa na dawa ya kukabili sumu, tukaongeza saa mbili za barabara. Alipona, lakini alipoteza vidole viwili vya mguu, na sijui ni kiasi gani cha hasara hiyo ni cha nyoka na kiasi gani ni cha ile kamba.

Leo ningefanya hivi: ningemlaza, nimtulize, nimvue kiatu na kitu chochote kinachobana kabla ya uvimbe, niufunge mguu kwa ubao ili usichezecheze, bila kukaza. Ningewapigia simu hospitali kuuliza kama dawa ipo kabla ya kupanda gari. Si kuchanja, si kunyonya, si mafuta ya taa, si kumtafuta nyoka ili kumbeba. Picha ya mbali yatosha.

Na ningebeba kalamu. Muuguzi aliyempokea mwishoni alichora mstari pale uvimbe ulipofikia, akaandika saa kando yake juu ya ngozi. Kila nusu saa akachora mwingine. Daktari alipoingia aliisoma ile miguu ya wino kabla hajatuuliza neno, akaagiza dawa.