Nani Hulipia Ngomeni?

Ukifika Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Mombasa, kabla hujaingia, tazama juu ya lango. Pana jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Mwenye maneno hayo ni kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome hii akiwa na umri wa miaka 27. Anajigamba kwamba ameijenga upya, ameitia adabu miji ya Pate na Siyu, na kwamba wafalme kadhaa wa pwani sasa wanatoa kodi kwa mfalme wake. Wageni wengi hupita chini ya jiwe hilo wakitafuta mahali pazuri pa kupigia picha. Mimi huvutiwa na hiyo kodi. Majigambo yote yale, na mwisho wake ni hesabu ya nani analipa.

Vita vya Fort Jesus vimesimuliwa mpaka vimechakaa: Cairati, fundi wa Milano, aliyewachorea Wareno ngome mwaka 1593, Sultani Yusuf bin Hasan aliyemuua kapteni na kuiteka mwaka 1631, Waomani walioizingira tangu 1696 hadi 1698, kisha ukoo wa Mazrui, kisha wa Busaidi. Historia ya fedha zake haisimuliwi sana, ingawa ina vituko vyake.

Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895, ikakaa hivyo miaka 63. Wanaisimu wengi husema neno gereza lenyewe limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno, na kanisa kweli lilikuwamo humu ndani. Tarehe 24 Oktoba 1958 ikatangazwa hifadhi ya taifa, ikawekwa chini ya wadhamini walewale waliosimamia mbuga za wanyama. Ngome na ndovu, bwana mmoja.

Wadhamini walimpata msimamizi stadi, James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekwisha kuchimbua magofu ya Gedi. Fedha je? Zilitoka Lisbon, kwenye Wakfu wa Calouste Gulbenkian. Gulbenkian alikuwa Muarmenia aliyetajirika kwa mafuta ya Iraq, akapewa jina la utani Bwana Asilimia Tano kwa sababu ya fungu lake katika kampuni ya mafuta. Alifia Lisbon mwaka 1955, na wakfu ukaundwa mwaka uliofuata. Basi waliojenga ngome walitoka Ureno, na karne tatu na nusu baadaye ruzuku ya kuitoa katika ujela ikatoka Ureno vilevile. Majengo ya wafungwa yakabomolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 60 watu wakaanza kuingia kwa hiari yao.

Baadaye ngome ikapita mikononi mwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, shirika ambalo leo linaongozwa na sheria ya mwaka 2006. Mambo yalikuwa wazi: tiketi inakatwa Mombasa, bajeti inapangwa Nairobi.

Ndipo ikaja Katiba ya 2010. Fungua Jedwali la Nne. Sehemu ya Kwanza inaiachia serikali ya kitaifa majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Sehemu ya Pili, kifungu cha 4, inazipa kaunti makumbusho. Na yametiwa wapi hayo makumbusho? Kwenye orodha moja na kamari, leseni za pombe, sinema na maktaba. Aliyeiandika aliviona vyote kuwa mambo ya kupunga upepo.

Sasa Ngomeni ni kipi? Kuta zake ni jengo la kale bila ubishi. UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011. Lakini ndani mna kauri za Kichina, vyungu, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697. Ukilisoma jedwali kwa ukali, ukuta ni wa Nairobi na kabati la vioo ni la Mombasa.

Katiba yenyewe imeacha mlango. Ibara ya 202 inaruhusu serikali ya kitaifa kuzipa kaunti fedha za ziada, zenye masharti au zisizo na masharti. Lakini Ibara ya 207 inakataza shilingi yoyote kutoka katika mfuko wa kaunti pasipo sheria. Kwa hiyo ruzuku yoyote ya makumbusho lazima ipite mbele ya wawakilishi wadi pale Treasury Square, mwendo wa dakika chache kutoka langoni kwa Cabreira, ikigombea nafasi na zahanati na mitaro.

Ingekuwa juu yangu, fedha hizo zisingeishia langoni. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990. Mwenye nyumba ya barabara ya Ndia Kuu humo hawezi kuvunja roshani wala kung'oa mlango wa nakshi bila idhini, ila gharama ya fundi ni juu yake, na mbao za msaji haziuzwi kwa bei ya urithi. Tunamwamuru atutunzie makumbusho ya barabarani, kisha tunamwachia bili.

Bahari ilipoanza kula mwamba chini ya ngome, serikali ya kitaifa iligharimia ukuta wa kuyazuia mawimbi. Roshani za Ndia Kuu huliwa na mchwa, polepole na bila kelele, na wenyewe huzishikiza kwa gogo na misumari.