Nani Mtunzi? Bendi za Jazi na Roki, 1969–1986

Wahakiki wa muziki uliochanganya jazi na roki nchini Marekani walishughulishwa mno na suala la usafi wa utanzu: je, muziki huo ulistahili kuitwa jazi? Mjadala huo haukuzaa mengi. Suala lenye uzito zaidi, ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua mara moja, ni lile la uhusiano kati ya mtunzi na fanani.

Suala hilo lajitokeza waziwazi katika Bitches Brew ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwezi Agosti 1969 na kutolewa 1970. Kipande kinachoifungua santuri hiyo, "Pharaoh's Dance", kilitungwa na Joe Zawinul, mpiga kinanda kutoka Vienna. Davis alikiongoza studioni. Kisha mtayarishaji, Teo Macero, akaikata kanda na kuiunganisha upya, akirudia vifungu na kuvihamisha, hata kile akisikiacho msikilizaji hakikupata kupigwa hivyo na mtu yeyote. Matini hii ilizaliwa kwenye wembe wa mhariri. Hata hivyo, mtunzi aliyetajwa ni Zawinul peke yake.

John McLaughlin, Mwingereza aliyepiga gitaa katika kazi hiyo, aliunda Mahavishnu Orchestra mwaka 1971. Aliwakusanya Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, katika ngoma. Jan Hammer wa Chekoslovakia katika kinanda. Rick Laird wa Ireland katika besi. Na Jerry Goodman, Mmarekani, katika fidla. Vipande vyote vya The Inner Mounting Flame (1971) na Birds of Fire (1973) vimeandikwa jina la McLaughlin. Lakini ziondolewe ngoma za Cobham, na kinachobaki si kazi ile ile. Mnamo Juni 1973, katika studio ya Trident, London, kundi lilirekodi pia tungo za Hammer, Goodman na Laird. Kanda hizo hazikutolewa hadi 1999. Kundi lenyewe lilivunjika mwishoni mwa 1973, na ingawa uchovu wa safari ulichangia, mvutano juu ya nani atunge haukuwa jambo dogo.

Weather Report, iliyoanzishwa 1970 na Zawinul, Wayne Shorter na Miroslav Vitouš, ilidumu hadi 1986. Yamkini sababu mojawapo yaonekana katika Heavy Weather (1977). Kati ya vipande vyake vinane, vitatu ni vya Zawinul, viwili vya Shorter, na viwili vya Jaco Pastorius, mpiga besi aliyejiunga mwaka mmoja tu kabla. Kilichosalia ni cha wapiga ngoma, Alex Acuña na Manolo Badrena. Ni nadra kwa wapiga ngoma kutambuliwa hivyo. Ushirika huo, hata hivyo, usitiwe chumvi: kadiri miaka ilivyopita mkono wa Zawinul ulizidi kuwa mzito, na katika santuri ya mwisho, This Is This! (1986), hakuna hata kipande kimoja cha Shorter.