Majibu Utayaleta Lini? Historia ya Utafiti wa Akili Zetu

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilipata kibarua cha wiki tatu cha kukusanya taarifa za utafiti wa afya ya akili katika vijiji vya Ngaramtoni. Nilipewa hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, kalamu mbili na fulana. Siku ya gulio nilimwendea mama mmoja wa makamo aliyekuwa ametandika gunia na kupanga mafungu ya nyanya, nikamwamkia, nikaomba ridhaa yake, kisha nikamsomea swali la nne kama lilivyoandikwa: "Katika wiki mbili zilizopita, je, umejisikia uko chini?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, si unaniona nimekaa chini? Hapa ndipo ninapouzia."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, nikaweka alama kwenye kisanduku cha "hapana". Tulipomaliza akaniuliza swali ambalo halikuwamo kwenye hojaji: "Haya unayoyaandika, majibu yake utatuletea lini?" Nikamjibu, "Hivi karibuni, yeyo." Imepita zaidi ya miaka ishirini. Taarifa zile ziliondoka na wenyewe, na sijui hata mtu mmoja wa pale aliyewahi kusomewa kilichopatikana. Nami, niliyetoa ahadi kwa mdomo wangu, sikurudi.

Ninaanza na deni hili kwa sababu limenifunza kuisoma historia ya taaluma hii kwa jicho jingine. Kwa muda wa karne nzima watu wa Afrika Mashariki wameulizwa, wamepimwa na wameandikwa kuhusu akili zao. Ni mara chache walipewa nafasi ya kuuliza. Hoja yangu ni kwamba pale walipoipata nafasi hiyo, sayansi yenyewe ikawa sahihi zaidi.

Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika eneo letu ni Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1904, mahali palipokuwa kituo cha watoto waliookolewa utumwani. Nairobi ikapata Mathari mwaka 1910. Waingereza walipoichukua Tanganyika wakajenga Mirembe, Dodoma, iliyoanza kazi mwaka 1927, na hadi leo jina hilo ni tusi la mitaani. Mtu akisema jambo la ajabu kijiweni, ataambiwa apelekwe Mirembe.

Majengo hayo yaliwekwa kwa ajili ya utulivu wa mji kuliko utafiti. Aliyefikishwa huko ni yule aliyevuruga soko, aliyepiga watu au aliyetembea uchi barabarani, akapelekwa na polisi au na chifu. Aliyejifungia ndani miezi mitatu bila kusema na mtu, bila kula, bila kwenda shambani, hakuonekana na serikali.

Lakini utafiti ulifuata, na huko ndiko ulikopata watu wake. Katika miaka ya 1930 Dakta H. L. Gordon, aliyeiongoza Mathari, alidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Mwanapatholojia wa Nairobi, F. W. Vint, akapima mabongo ya Waafrika waliofariki na kuchapisha matokeo yaliyochochea dai hilo. Mwaka 1938 nafasi ya Gordon ikashikwa na J. C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa Mathari hadi mwaka 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maoni yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi wakaelezwa kuwa ni watu waliovurugikiwa akili. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961, na wanafunzi wangu humsoma Fanon kwa furaha. Huwaomba waisome pia hoja ya Carothers kuhusu sonona, maana hapo ndipo kosa lake linapotufaa.

Carothers alisema sonona ni nadra kwa Waafrika, akatafuta sababu katika tabia zetu: eti hatubebi hisia ya wajibu binafsi, basi hatuna cha kujilaumu. Ukiuliza alivyolijua hilo, utakuta kwamba alihesabu waliofikishwa mlangoni kwake. Mwenye huzuni ya kimya hakufikishwa, hivyo hakuhesabiwa, hivyo hakuwapo. Hilo ni kosa la kuchagua sampuli, kabla hata hatujalijadili kama kosa la ubaguzi. Na mtu yeyote wa kijijini angeweza kumsahihisha kwa dakika tano, kama angeulizwa.

Masahihisho yalianza pale madaktari walipotoka nje ya ukuta. Mwaka 1954, huko Abeokuta, Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliwapangia wagonjwa wake vyumba katika vijiji vilivyozunguka hospitali ya Aro, wakaishi na ndugu zao huku wakipata dawa. Tanzania ya baada ya uhuru ilifuata njia inayofanana na hiyo, kwa vijiji ambamo wagonjwa waliotoka hospitali walilima na kuishi katika jamii. Miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilianza mpango wa kuipeleka huduma ya afya ya akili hadi zahanati, na mikoa ya majaribio ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, unatoka Mahenge. Daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Tanganyika mwaka 1959 na kuanzisha kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Kifafa si ugonjwa wa akili, lakini katika zahanati zetu wagonjwa hao hukaa benchi moja, na aibu wanayobebeshwa ni ya aina moja. Watu waliamini kuwa mate na povu la mgonjwa huambukiza, kwa hiyo aliyeanguka motoni aliachwa aungue. Katika kazi hiyo wazazi walimweleza jambo ambalo vitabu vyake havikuwa nalo: wapo watoto wanaoangusha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Akaliandika. Baada ya miongo kadhaa, dalili hiyohiyo ilipotokea kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na wataalamu wa dunia wakaja mbio, maandishi ya Mahenge yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa. Macho ya kwanza yalikuwa ya mama na baba waliowaona watoto wao wakisinzia juu ya sahani ya ugali.

Uganda ilitupatia somo jingine. Mnamo mwaka 2000 watafiti walikwenda Rakai na Masaka, nchi iliyokuwa imetafunwa na UKIMWI, na kabla ya kugawa hojaji wakawauliza wanavijiji matatizo yao ni yapi na wanayaitaje. Wenyeji wakataja hali mbili kwa Kiganda, moja ya kujichukia na nyingine ya kujihurumia. Zilikaribiana sana na kile ambacho madaktari hukiita sonona, ile ambayo Carothers hakuiona. Tiba ya mazungumzo katika vikundi, iliyoongozwa na wenyeji waliofunzwa, ikajaribiwa katika vijiji 30 na kupunguza dalili kwa kiasi kikubwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Hapa kwetu Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walichapisha mwaka 2008 hojaji ya maswali 19 iliyotengenezwa Dar es Salaam kutokana na namna watu wenyewe wanavyoeleza mateso yao. Laiti ningekuwa nayo siku ile ya gulio. Mswahili mwenye sonona hayuko "chini". Ana mawazo, moyo wake mzito, usingizi umemkimbia. Na mzee wa Kiarusha anayehisi kwa Kimaasai atahitaji swali jingine tena.

Zimbabwe ilikwenda mbali zaidi. Dakta Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, waliokaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye kuwaza sana. Yeye alikuwa ameliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hakuna atakayekaa hapo, liite benchi la urafiki. Akatii. Jaribio la mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nimekwisha kusoma makala nyingi zinazomsifu Chibanda, na anastahili. Mchango wa bibi wale katika kulipa jina jipya nao ni mchango wa kisayansi.

Turudi Ngaramtoni, maana hapa watu wamezoea watafiti kuliko sehemu nyingi za nchi. Kituo cha Selian kimezalisha mbegu za maharage zilizobeba jina lake. Olmotonyi kuna chuo cha misitu. Taasisi ya utafiti wa viuatilifu, ambayo tangu sheria ya mwaka 2020 imekuwa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iko pale pale. Watafiti wa maharage walikwisha kujifunza zamani kwamba mbegu inayozaa sana haina maana kama wanawake wanaoipika wanaikataa kwa sababu haiivi upesi au mchuzi wake hauna rangi. Kwa hiyo mkulima huitwa shambani, huonja, huchagua. Ninashangaa heshima tunayoipa ladha ya maharage tukainyima huzuni ya mlaji wake.

Na swali lenye uzito mkubwa liko palepale karibu na lango la taasisi ile. Duniani kote sumu za shambani ni miongoni mwa vitu vinavyowapotezea maisha watu wengi walio katika saa ya kukata tamaa. Sri Lanka ilipiga marufuku, awamu kwa awamu, viuatilifu vilivyokuwa vikali zaidi, na kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Hapo mamlaka ya viuatilifu ilifanya kazi ya afya ya akili pasipo kuajiri daktari hata mmoja wa fani hiyo. Mkulima wa mboga wa Arumeru anajua dawa ipi inauzwa bila lebo, nani anaihifadhi chini ya kitanda, na msimu gani madeni hubana. Ujuzi huo ni data, na mwenye nayo ni yeye.

Ila hatausema. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Familia inayomkimbiza kijana wake hospitalini hulazimika kusema ni ajali. Daktari huandika ajali, takwimu husoma ajali, na sisi wasomi huhitimisha kuwa jambo hili ni nadra kwetu. Huyo ni Carothers amerudi, safari hii akiwa na muhuri wetu. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo, chama cha madaktari wa akili na Bi. Charity Muturi, mwananchi anayetetea haki za watu wanaoishi na maradhi ya akili, walikwenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Wanafunzi wa sheria wanaosoma hapa: kesi hiyo si ndefu, isomeni.

Wapo walioniandikia kuuliza mwananchi wa kawaida aanzie wapi. Mtafiti yeyote wa afya anayeingia kijijini anapaswa kuwa na kibali cha maadili, na utafiti wa ngazi ya taifa hupitia kamati iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kukiomba akisome, na mwanakijiji ana haki ya kukataa, au kuacha katikati, bila kunyimwa huduma. Afisa mtendaji anaweza kuweka sharti dogo kwenye muhtasari wa mkutano: matokeo yasomwe hapa, kwa lugha inayoeleweka, kabla ya tarehe fulani. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua sharti lililoandikwa kwenye muhtasari linavyosumbua. Aliyewahi kuugua, na ndugu aliyemuuguza, waitwe wakati hojaji inapoandikwa, na walipwe kama anavyolipwa mtaalamu wa takwimu. Na kama wewe mwenyewe unayesoma haya umezidiwa na mawazo, usisubiri utafiti wowote. Mwambie mtu leo, uende naye hospitali.

Likizo hii ninakwenda Ngaramtoni na wanafunzi wanne wa uzamili. Hatuchukui hojaji. Tumeomba nafasi katika mkutano wa kijiji, ajenda ya tatu, baada ya maji na barabara, tusikilize watu wangependa kuchunguzwe nini. Nimewaomba wanafunzi waje na madaftari matupu. Mimi nitaanza kwa kueleza habari za utafiti wa zamani ambao majibu yake hayakurudi, na kama mama yule wa nyanya bado anakuja guliani, nitamtafuta kabla ya mkutano.