Bia ya Kuwekwa
Wasee, juzi nilionja Jenlain Ambrée kutoka kaskazini mwa Ufaransa. Kilevi asilimia 7.5, lakini haichomi: utamu wa kimea, uchungu kidogo tu. Nikaipa sita kwa kumi, eti imepoa sana.

Halafu nikasoma historia. Aina hii huitwa bière de garde, yaani bia ya kuwekwa. Kabla ya friji, joto liliharibu bia, so wakulima waliipika wakati wa baridi wakaiweka hadi kiangazi. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaja, Wajerumani wakabeba sufuria za shaba za wapishi wa bia. Bado 1922 Félix Duyck akaanza kupika kijijini Jenlain.

Ule upole niliouita udhaifu ndio kazi yenyewe. Naipa nane.