Kichocheo cha kaboni ya mimea (uzalishaji wa hidrojeni)

Kichocheo cha kaboni ya mimea ni unga mweusi unaopatikana kwa kuoka mabaki ya mimea pasipo hewa. Ukipakwa kwenye elektrodi, hupunguza umeme unaopotea maji yanapotenganishwa kuwa hidrojeni na oksijeni. Hutafutwa ili ushike nafasi ya platini, ambayo haina mpinzani kwa kazi hiyo ila ni adimu na ghali mno.

Makaa ya jikoni hayafai. Tanuri la udongo, kama yale ya wachomaji wa Masisi na Walikale huko Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hufika nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi, na makaa yake hupitisha umeme kwa shida. Kichocheo huokwa kwa nyuzi 700 hadi 900, ndani ya gesi ya nitrojeni au agoni. Potasi, iliyojaa kwenye maganda ya ndizi, husaidia kutoboa vitundu vidogo sana ambamo maji hupenya. Hata hivyo kaboni tupu hubaki dhaifu mpaka itiwe atomi za nitrojeni, na mara nyingi chembe za kobalti, nikeli au molibdeni.

Mfano ulio karibu na shamba la Kivu ulitoka Marekani. Mwaka 2013, Wei-Fu Chen na wenzake wa maabara ya Brookhaven walisaga soya, wakaichanganya na chumvi ya molibdeni majini, wakaikausha na kuioka. Protini ya soya ilitoa nitrojeni, na soya hiyohiyo ikatoa kaboni. Kichocheo chao kilistahimili asidi, ambamo nikeli huliwa upesi, ingawa hakikuifikia platini. Upande wa oksijeni ni mgumu zaidi, kwa maana huko kaboni yenyewe huungua taratibu na kuwa kaboni dioksidi.

Kalembe, huko Kivu kwenye njia ya Mweso kwenda Pinga, haingepungukiwa na migomba wala maharagwe, na kobalti nyingi ya dunia huchimbwa kusini mwa Kongo hiyohiyo. Kikwazo kikubwa ni umeme. Kilo moja ya hidrojeni hula kWh 50 hadi 55 katika mitambo ya leo, na hata kichocheo kamili hakiwezi kushusha kiasi hicho chini ya kWh 39 hivi, isipokuwa joto liongezwe kutoka nje. Kwa hiyo maporomoko ya mito yakifungwa mitambo ndipo unga huu utakuwa na kazi huko, nao utengenezwe kwa maganda na mabua, si kwa miti ya msituni ambayo makaa ya mji wa Goma tayari yanaimaliza.