Kuuliza na Kujaribu: Historia Fupi ya Utambuzi wa Uwezo wa Kumbukumbu katika Vichakataji vya x86, 1985–2023

Makala haya yanachunguza namna kiini cha mfumo endeshi kinavyotambua uwezo wa kichakataji wa kusimamia kumbukumbu. Utambuzi huo hufanyika mapema mno, kompyuta inapowashwa, wakati njia nyingi za kupokea hitilafu hazijawa tayari. Jibu lisilo sahihi linaweza kuisimamisha mashine papo hapo, au kuiacha ifanye kazi huku programu moja ikiharibu data ya nyingine. Hoja kuu ni kwamba maelezo ambayo kichakataji hutoa juu yake chenyewe ni ushahidi, na kama ushahidi wowote, hayana budi kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Kichakataji cha Intel 80386, kilichotoka mwaka 1985, kiligawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4. Ukurasa uliweza kuwekewa alama ya kusomwa tu, lakini alama hiyo ilizifunga programu za kawaida pekee; kiini chenyewe kiliweza kuuandika bila kizuizi. Kasoro hiyo ilikuwa na uzito, kwa kuwa programu mbili huweza kushirikiana ukurasa mmoja hadi mojawapo itakapotaka kuuandika, na hapo ndipo nakala hufanywa. Kiini kilipoandika kwa niaba ya programu moja, kiliweza kuharibu ukurasa wa nyingine. Kichakataji 80486 cha mwaka 1989 kiliongeza biti ya WP katika rejista CR0, ambayo humfunga hata mwenye mamlaka.

Mwanzoni hapakuwa na amri ya kukiuliza kichakataji kama kina uwezo huo. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 juu ya 80386, ulitumia jaribio: kiini kiliweka ukurasa wa kusomwa tu, kikatayarisha njia ya kupokea hitilafu, kisha kikajaribu kuuandika. Hitilafu ikitokea, ulinzi upo. Isipotokea, kiini kililazimika kukagua kurasa chenyewe kabla ya kuandika. Usalama wa jaribio ulitokana na mtego uliotegwa kabla ya kosa kutendwa.

Mwaka 1993 kichakataji cha Pentium kilileta amri ya CPUID, ambayo baadaye iliwekwa pia katika baadhi ya 80486. Hata hivyo, kuuliza nako kulikuwa na hatari yake, kwani kichakataji cha zamani kikikutana na amri kisiyoijua hutoa hitilafu. Kwa hiyo kiini hubadilisha kwanza biti ya 21 ya rejista EFLAGS. Badiliko likidumu, amri ipo. Aidha, ni lazima kuuliza kwanza kiwango cha juu cha maswali yanayojibiwa. Vichakataji vya Intel vikiulizwa swali lililo nje ya kiwango hicho hurudisha data ya swali jingine, na jibu hilo hufanana na la kweli. Mfano ni ulinzi wa NX, uliokuja na vichakataji vya AMD64 mwaka 2003, ambao huzuia data isitekelezwe kama programu. Kiini kikijaribu kuuwasha pasipokuwapo, hitilafu hutokea mara moja.

Visa viwili vinaonyesha mipaka ya kuuliza. Kisa cha kwanza ni cha kunyamaza. PAE, iliyoanza na Pentium Pro mwaka 1995, ilipanua anwani hadi biti 36, yaani gigabaiti 64 badala ya 4. Baadhi ya Pentium M za mwanzo zilikuwa na uwezo huo bila kuutangaza, hivyo mifumo iliyohitaji PAE ilikataa kuwaka juu yake. Mwaka 2014 Linux iliongeza chaguo la forcepae: mtumiaji hubeba jukumu, na kiini hujiwekea alama kwamba kinafanya kazi nje ya masharti yaliyothibitishwa. Kisa cha pili ni cha kutangaza kupita kiasi. Mwaka 2023 Linux ilizima PCID katika baadhi ya vichakataji vipya vya Intel, kwa sababu PCID ikiwa imewashwa, amri ya INVLPG iliweza kushindwa kufuta tafsiri za anwani za pamoja. Tafsiri iliyochakaa huweza kuelekeza kwenye ukurasa uliokwisha kupewa matumizi mengine.

Visa hivyo havina uzito sawa. Kukanusha uwezo uliopo humnyima mtumiaji kasi au mashine yake ya zamani. Kukubali uwezo usiopo au mbovu huhatarisha data yake bila yeye kujua. Kwa hiyo ni sahihi kiini kianze kwa kukataa, kilinganishe jibu la CPUID na orodha ya kasoro zinazojulikana, na kijaribu pale tu mtego ulipo tayari. Lakini gharama ya kukataa huwaangukia wenye mashine kuukuu, ambao hawakuhusika na ukimya wa kichakataji. Chaguo la mwaka 2014 linastahili kutetewa kwa msingi huo: liliacha kinga mahali pake, likampa mwenye mashine haki ya kuamua akijua hatari anayoichukua.